Katibu Asiyejua Kiswidi

Katibu aliziangalia sahani za watu kuliko alivyoziangalia nyuso zao. Klabu ya Waswidi pale Buffalo ilikuwa na mgahawa chini na ukumbi juu, na kila Ijumaa na Jumapili jioni tulipanga vyakula vya kwao kwenye meza moja ndefu, kila mtu ajipakulie. Kujipakulia kwenyewe kulikuwa na sheria. Raundi ya kwanza ni samaki waliolowekwa kwenye siki na sukari, na viazi vya kuchemsha. Unakula, unaiacha sahani, unachukua nyingine safi. Raundi ya pili ni samaki wengine. Ya tatu nyama za baridi, ya nne vya moto, ya tano vitamu. Mteja mmoja, sahani tano. Mimi nilikuwa muosha vyombo, kwa hiyo sheria hiyo niliijua kwa mgongo na vidole kabla ya kuijua kwa kichwa.

Jumapili moja nilileta familia ya rafiki yangu Mkongo, tuliyesali naye. Mtoto wao alikuwa amebatizwa siku ile. Rafiki yangu alichukua sahani moja akaijenga kama wanavyojenga watu wetu kwenye sherehe: viazi chini, nyama juu, samaki pembeni, jemu nyekundu imemwagikia vyote, na kipande cha keki kimesimikwa kileleni. Katibu akasogea. Akanivuta mkono.

"Mwambie bwana huyu meza haikimbii."

Nikamwambia. Rafiki yangu akatabasamu, sahani ameishika kwa mikono miwili.

"Muambie muzee, kwetu meza inakimbiaka. Miye mwenyewe niliacha moja kule Fizi, na chakula yote juu yake."

Nikatafsiri neno kwa neno. Katibu akaenda kabatini akarudi na sahani kubwa ya kupakulia nyama, akampa, akasema, "Basi ahamie kwenye hii. Lakini samaki wakae peke yao." Rafiki yangu akawahamisha samaki wake, mmoja mmoja, chini ya macho ya Katibu, na watu wazima wawili wakawa wameridhika.

Jambo ambalo wateja hawakulijua ni kwamba yeye mwenyewe hakula samaki wale hata siku moja. Harufu ya siki ilimshinda. Aliwasimamia wengine waanze na samaki, kisha akapanda ofisini kula mkate wa jibini.

Pale klabuni watu waliitwa kwa vyeo vyao. Kulikuwa na Mwenyekiti, bibi wa miaka themanini na kitu aliyeendesha gari vibaya, na kulikuwa na Katibu. Mimi nilikuwa "kijana", ingawa nilikuwa nimepita arobaini. Nilifika mwaka 2013, nikitokea Louisville, ambako nilichoka kufunga maboksi kwenye ghala huko Jeffersontown. Kabla ya Louisville nilikuwa Columbus, na baada ya Buffalo nikarudi Columbus, halafu Buffalo tena. Mimi ni mtu nisiyekaa. Kambini Tanzania nilikaa miaka mingi kwa sababu kutoka kulitaka kibali. Nilipopewa ruhusa ya kutembea, nadhani miguu iliamua kufidia. Kila mji ninaouacha naanza kuukumbuka nikiwa bado ndani ya basi.

Katibu hakuwahi kuandika kwamba nimeacha kazi. Kwenye daftari la wafanyakazi aliandika "yuko safarini". Niliporudi mara ya pili, baada ya miezi saba, alinionyesha ukurasa ule, akaongeza chini yake, "amerudi", akatia sahihi, akanielekeza kwenye sinki.

Kuandika kulikuwa ugonjwa wake. Aliandika nani kavunja kikombe, nani kaleta maua, theluji imefika dirisha la ngapi. Watu wakibishana mezani, alitoa kalamu: "Niandike kwanza, mgombane baadaye." Mara nyingi ugomvi ulikufa palepale, maana hakuna aliyetaka maneno yake yasomwe mwaka ujao.

Na saa yake! Mlango ulifunguliwa saa kumi na moja jioni. Buffalo ikishusha theluji ya upande upande, ile inayoingia mpaka ndani ya sikio, wateja walisimama nje wakipiga miguu chini, nasi ndani tunawaona kupitia kioo. Mwenyekiti alimwomba, "Wafungulie, ni dakika mbili tu." Katibu akajibu, "Dakika mbili hizo zinatosha mimi kuwasha mishumaa." Na kweli akawasha mishumaa, mmoja kila meza, bila haraka, mpaka mshale ukafika. Lakini siku mvua ya barafu ilipoangusha nguzo za umeme mtaani, alifungua tangu asubuhi, akawasha jiko la gesi, akawapa majirani supu bila kuuliza nani ni nani. Kwenye daftari aliandika: "Leo klabu haikufunguliwa."

Klabu waliianzisha Waswidi, mafundi seremala na wapakuzi wa nafaka bandarini, wanaume waliokuja bila wake. Walikodi chumba ili wapate mahali pa kula viazi vinavyofanana na vya kwao. Wake walipokuja, wakashika jiko. Kisha wakajenga jengo lenyewe, matofali mekundu, na ukumbi wenye sakafu ya mbao kwa ajili ya kucheza. Haya Katibu aliyasimulia kwa kila mgeni. Aliposimulia alisema "sisi". Sisi tulichimba msingi. Sisi tulipandisha piano kwa kamba.

Lakini Kiswidi hakukijua. Hakuna mwanachama aliyekijua, ila majina ya vyakula na neno la kugonganisha glasi. Katibu alikuwa na jambo la ajabu zaidi: aliweza kukisoma kwa sauti. Bibi yake alimfundisha kusoma kitabu cha nyimbo za kanisani, herufi na matamshi, bila kumweleza maana. Angeweza kukusomea ukurasa mzima, sauti imesimama vizuri kama mchungaji, na asijue kama amesoma habari za Mungu au za mbuzi.

Siku moja tukimenya viazi aliniuliza, "Kijana, ukiulizwa Burundi ikoje, unasemaje?"

Nilitoka Burundi nikiwa mgongoni mwa mama. Nikamwambia nasema aliyoyasema mama: vilima, na ukungu asubuhi, na ng'ombe wa babu.

"Umewahi kuviona?"

"Sijawahi."

"Mimi pia Uswidi sijafika," akasema. "Nasema maziwa, na misonobari, na nyumba nyekundu." Akamenya kiazi kimoja mpaka mwisho. "Wananiamini."

Ukutani pale ngazini palikuwa na ubao wa majina ya wanachama wa zamani, maandishi ya dhahabu. Jina moja lilikuwa limepakwa rangi nyeusi. Ukilitazama kwa pembeni, taa ikilipiga, ungeona herufi zimevimba chini ya rangi. Lilikuwa jina la baba yake.

Habari hiyo alinipa kwa miaka mitatu, kipande kwa kipande, karibu kila mara mikono yake ikiwa na kazi. Alikuwa na miaka saba. Baba alikwenda kwenye mkutano wa mwaka, akarudi mapema, theluji kwenye kofia, akakaa jikoni bila kuivua. Tangu siku ile familia haikukanyaga klabu, wala kupita mtaa ule. Baba alikufa bila kusema kwa nini, na mama hakuulizwa. Waliokuwa mkutanoni hawakumwambia, na waliobaki walinong'ona tu: mmoja alisema ulevi, mwingine ngumi, mwingine mke wa mtu. Katibu alipokuwa mtu mzima akaomba uanachama. Akagombea ukatibu, kwa sababu katibu ndiye mwenye ufunguo wa kabati la vitabu vya mikutano. Akaupata ukatibu, akafungua kabati, akakitoa kitabu cha mwaka ule. Kilikuwa kimeandikwa kwa Kiswidi.

"Miaka arobaini," aliniambia, "nimekuwa nikikisoma kwa sauti."

Nilimuuliza kwa nini hakumpelekea mtu ajuaye. Walikuwapo: chuo kikuu, kanisani, hata kwa barua.

"Mswidi wa kwanza kujua baba yangu alifanya nini atakuwa na simu," akasema. "Na atakuwa na binamu Buffalo."

Kwa ajili ya jina lile alilinda jengo kuliko walivyolilinda waliolijenga. Paa lilivuja. Wanachama walibaki kumi na mmoja. Kila mkutano wa mwaka mtu mmoja aliinuka kwa woga na kusema labda, pengine, tungefikiria kuuza. Katibu aliinua uso kutoka kwenye daftari akamtazama. Mwenyekiti akauliza, "Nani anaunga mkono?" Hakuna aliyeinua mkono. Kwa kanuni zao, hoja isiyo na wa kuiunga mkono haijadiliwi, inaanguka papo hapo, na mwenye hoja anaketi. Niliona hivyo mara mbili, nikiwa nimeshika trei ya kahawa. Mara ya pili aliyeketi alikuwa mzee mwenye fimbo, na alichukua muda mrefu kuketi. Katibu aliandika, akakausha wino, akaendelea na ajenda. Aliniambia baadaye kwamba hawezi kuacha jengo liuzwe kabla hajajua baba yake alitolewa kwa kosa gani, na kabla jina halijarudishwa ubaoni. Likiuzwa, ubao unakwenda jalalani na jina likiwa bado jeusi.

Mwaka uliofuata nilikuwa Columbus, upande wa Northland, nikifanya kazi ya kutunza wazee. Kanisani kwetu kulikuwa na mama mmoja Mkongo, mnene wa taratibu, ambaye wote tulimwita Mama Jikoni kwa sababu hakuna arusi iliyopikwa bila yeye. Jumapili moja, wimbo ukiendelea kwa Kiswahili, nikamsikia anauimba kwa maneno mengine. Niliyajua yale matamshi. Nilikuwa nimemsikia Katibu akiyasoma, mimi nikiwa kwenye sinki, kwa miaka.

"Mama, hicho ni Kiswidi?"

"Njo kile. Nilipikia bamisionari miaka makumi mbili na tatu, pale hospitali yabo juu ya Uvira. Lakini sijue kukisoma, mwanangu. Nakisikiaka tu. Kiswidi yangu ni ya jikoni."

"Ya jikoni tu?"

"Na ya mikutano. Nilikuwaka napeleka kahawa. Bon, bazungu bale, mikutano kila siku! Nani anapropoza, analeta wazo, nani anakubali, nani anakataa. Nasimama na birika, nasikia yote, nakaa kimya."

Nilimpigia Katibu simu jioni ileile. Nilimweleza: mtu anayejua bila kusoma, na asiyemjua binadamu yeyote Buffalo. Kisha akauliza basi la Columbus linaondoka saa ngapi.

Alifika na sanduku la nguo lisilo na nguo. Ndani kulikuwa na vitabu vitatu, vimefungwa kwa taulo za klabu. Nilimchukua mpaka kwenye fleti ya Mama Jikoni, karibu na Morse Road, ghorofa ya pili, ambako sebule ilinuka sombe, kisamvu cha Kongo, na televisheni haikuzimwa mpaka Mama alipomfokea mjukuu wake. Mjukuu akajibu kwa Kiingereza, akaenda chumbani. Katibu aliketi ukingoni mwa kochi, tai imebana.

"Muambie muzee akule kwanza," akasema Mama.

Akala ugali na sombe kwa kijiko, sahani moja.

Kazi tuliifanya hivi. Katibu alisoma kwa sauti bila kuelewa. Mama alisikiliza, macho yamefumbwa, mikono tumboni, kisha akanieleza kwa Kiswahili chake. Mimi nikamweleza Katibu kwa Kiingereza. Alianza na kitabu cha kwanza, kwa sababu hakuwa mtu wa kuruka kurasa, na nadhani kwa sababu aliogopa.

"Sasa banagombana juu ya mbwa," akasema Mama. "Mutu moja analetaka mbwa ndani ya chumba ya kucheza. Balisema mbwa atoke, mutu abaki. Yeye akasema, kama mbwa anatoka, na miye natoka."

Katibu akaangua kicheko. "Nani huyo?"

Ukurasa mwingine piano imeharibika. Mwingine wanabishana kama kahawa ya ukumbini inywewe na maziwa, na ubishi huo ulichukua mikutano mitatu.

"Eh!" Mama akafumbua macho. "Kumbe bale bamisionari ba kwetu balitokea kwa hawa. Ni balebale!"

Mchana ulipita hivyo. Katibu alivua koti, kisha tai. Historia aliyoisimulia maisha yake yote kwa kusema "sisi" ilikuwa inamfikia sasa, kupitia mpishi wa Uvira na muosha vyombo wa Kirundi, na alikuwa akiandika haraka kama mtoto anayenakili ubaoni kabla haujafutwa. Kisha akafungua kitabu cha tatu, mahali palipokuwa na utepe. Sauti yake ikawa ndogo.

"Muambie asome polepole," akasema Mama. "Anasoma sawa mutu anayefukuzwa."

Alisoma ukurasa mmoja na nusu. Mama akaomba arudie. Akarudia.

Mama akanigeukia. "Utamuambia yote. Usipunguze."

"Sitapunguza."

"Hakuna kosa. Baba yake hakupiga mutu, hakukunywa. Alisimama, akapropoza bauze nyumba."

Nikamtazama Katibu. Alikuwa akinitazama mdomo.

"Alisema: watoto wetu hawajue tena luga yetu, hawatakuja hapa. Tuuze nyumba sasa, tukingali na nguvu, tununue ingine kidogo karibu na maji, bazee bakae pale. Mukubwa wa mukutano akauliza, nani anamuunga mukono. Balikuwa batu makumi ine. Hakuna hata moja. Akauliza mara ya pili. Hakuna. Donc yeye akasema, basi futeni jina yangu. Akakamata kofia yake, akatoka. Bakaendelea na mambo ya makaa ya kupasha moto."

Nilimweleza yote, kwa mpangilio uleule, pamoja na makaa. Ilinichukua muda. Mahali pa watoto kutokuja nilitaka kupita haraka, lakini Mama alikuwa ananiangalia kama anajua Kiingereza.

Katibu alifunga kitabu, akaweka kiganja juu yake.

"Lakini mimi nilikuja," akasema.

Hilo nalo nikamtafsiria Mama. Katibu akauliza, kwa sauti ya mtu anayesahihisha kumbukumbu za mkutano, "Watu arobaini?"

"Arobaini."

"Na akauliza mara mbili."

"Mara mbili."

Mama aliinuka akaenda kuchemsha kahawa. Alimletea bila kumuuliza, na kipande cha sukari pembeni, kama walivyokunywa wale wamisionari wake. Katibu alikiweka kati ya meno, akanywa. Asubuhi yake nilimsindikiza kwenye basi. Alisema mkutano wa mwaka ni wiki tatu zijazo. Sikuuliza atafanya nini, na kabla wiki tatu hazijaisha nilikuwa nimeshaanza kufunga mizigo kwenda Louisville.

Habari kwamba jengo limeuzwa nilizipata kwa mtu wa kanisani Buffalo. Nilifikiri wamemshinda, au amekufa. Sikupiga simu, nilikuwa naogopa nitakayoyasikia, na ni aibu yangu mpaka leo. Yeye ndiye aliyenitafuta, mwaka 2019, majira ya kuchipua. Alikuwa amehamia kwa binti yake, Jeffersontown, dakika kumi kutoka ghala nilimokuwa nikifunga maboksi kwa mara ya pili maishani.

Nilikwenda Jumapili baada ya ibada. Nilimkuta kwenye kibaraza cha nyuma, blanketi magotini, amepungua, saa ya mkononi imehamia karibu na kiwiko. Aliniambia nimechelewa dakika nane. Tukazungumza juu ya Mama Jikoni, na mvua, na magoti yake. Halafu nikamuuliza ilikuwaje.

"Mwenyekiti alileta habari za paa," akasema. "Kama kawaida. Wakanitazama wote, kama kawaida. Yule mzee wa fimbo alitaka kuinuka, akaniona, akabaki ameketi."

"Ukafanya nini?"

"Nilimwambia ainuke. Nilikwenda nikamshika mkono. Akasema hoja yake, tuuze. Mwenyekiti akauliza nani anaunga mkono." Katibu alitazama uwanja wa binti yake, ambao haukuwa na kitu ila mashine ya kukatia majani. "Unajua, kijana, mimi nimewakalisha watu pale miaka mingapi? Niliwahesabu kwenye vitabu vyangu mwenyewe, kwenye basi, narudi kutoka kwenu. Kumi na wanne. Nikasimama nikasema, naunga mkono."

"Na jina la mzee wako?"

"Nililisafisha kabla ya kukabidhi funguo. Pamba na mafuta ya kusafishia rangi. Ubao uko gereji hapo, binti hataki uingie ndani, una wadudu walao mbao." Akajiweka sawa. "Walijadili saa mbili. Saa mbili! Watu ambao sikuwahi kusikia sauti zao. Kisha tukapiga kura. Sita kwa tano, nyumba iuzwe."

Nikafanya hesabu kichwani. "Kumbe kura yako ndiyo iliyouza."

"Hapana," akasema. "Mimi nilipiga ya kukataa."

"Mzee! Uliunga mkono halafu ukakataa?"

"Nilikuwa naipenda nyumba ile. Ningekubalije iuzwe?"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka blanketi likaanguka, mpaka nami nikashikwa, na binti yake akafungua mlango wa jikoni akachungulia, ameshika taulo.

"Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu," Katibu akamjibu, akifuta macho. "Njoo ukae. Tunazungumza habari za babu yako."